Barua kwa somo yangu, fundi cherehani wa Tanga

Dar es Salaam,
Jumapili jioni

Somo yangu mpenzi,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Sisi huku hatujambo, mvua imetupumzisha na vumbi. Ile sauti uliyonituma niliisikiliza nikiwa kwenye daladala, nikairudia nilipofika nyumbani, nikaona haya si mambo ya kujibiwa juu juu kwa simu. Nimekaa kitako nakuandikia.

Unasema asubuhi vidole havikunjiki, mkasi huushiki mpaka saa nne, na binti yako ndiye anayekufunga vifungo vya gauni. Mikono yote miwili, tena viungo vya kati vya vidole na vile vya shinani, pamoja na vifundo vya mikono. Tangu Ramadhani. Halafu unamalizia, "lakini kipimo kilitoka safi, kwa hiyo sina kitu." Hapo ndipo nilipokukatalia, nikamkatalia na huyo aliyekwambia hivyo.

Mimi ni muuguzi, si daktari, na hakuna wa kukupima kupitia barua. Ila kliniki yetu ya viungo nimekaa nayo, na watu wenye baridi yabisi nawajua kabla hawajafungua mdomo. Wengi ni wanawake. Kwa ugonjwa huu tunawazidi wanaume mara mbili hata tatu. Wakiingia mlangoni natazama kwanza mikono iko wapi. Ambaye umemwanza juzi juzi huificha ndani ya kanga, au anakumbatia pochi kwa mikono yote miwili, ili mradi asipewe mkono. Kumnyima mtu mkono kwetu ni dharau, naye anajua akibanwa pale kwenye mashina ya vidole atapiga ukelele mbele za watu. Kadi ya kliniki ananipa akiwa ameibana kati ya viganja, vidole vimenyooka havifanyi kazi. Yuko mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliyenionyesha chaki yake: ameichomeka ndani ya kipande cha bomba la mpira ili iwe nene, maana nyembamba haishikiki. Anaandika ubao mzima namna hiyo. Nilikukumbuka wewe na mkasi wako, hata nikawaza shemeji akuzungushie mpira kwenye vishikio vyake, angalau kwa sasa.

Tuje kwenye kipimo. Walichokutafutia kwenye damu kinaitwa rumatoidi fakta. Kati ya wagonjwa kumi wa baridi yabisi, wawili au watatu hivi kinawatoka hasi na ugonjwa wanao. Na wapo wasio na baridi yabisi hata chembe, pengine wana kifua kikuu au homa ya ini, kikawatoka chanya. Kwa hiyo karatasi ile peke yake haikuhukumu wala haikuachii. Kipo kingine, anti-CCP, ambacho kikitoka chanya kinaaminika zaidi, na kipo ESR, cha damu pia, cha kuonyesha kama mwilini kuna moto, yaani uvimbe unaoendelea ndani. Lakini daktari anayejua kazi yake ataanza na vidole vyako. Atavibonyeza kimoja kimoja, ahesabu vilivyovimba, akuulize asubuhi ukakamavu unachukua muda gani kulegea. Wa kwetu sisi sote baada ya kufua unaisha dakika chache. Wa kwako unakwenda mpaka saa nne. Hata picha ya eksirei inaweza kuonekana nzuri miezi ya mwanzo, usije ukafarijika nayo.

Mama mkwe wako anasema ni maji ya baridi, uliyashika kabla ya arobaini kwisha ulipomzaa huyu wa pili. Usibishane naye sana. Wakati ameupatia: kuna wanawake wengi ambao ugonjwa huu unawazukia katika miezi ya baada ya kujifungua, na wenye nao tangu zamani mara nyingi hupata nafuu wakiwa na mimba, kisha mtoto akitoka tu unarudi kwa nguvu. Alichokosea ni mshukiwa. Maji hayana kosa. Kinga ya mwili, inayotakiwa kupigana na vijidudu, inageukia ule utando laini wa ndani ya viungo. Utando unavimba, unanenepa, unaanza kula gegedu, ule mfupa laini wa kwenye maungio, na mfupa wa jirani, kimyakimya kama mchwa. Mfupa ukishaliwa hakuna dawa ya kuurudisha, na ndiyo maana miezi hii ya mwanzo naililia kuliko miaka kumi ijayo. Hayo mengine uliyonigusia kwa kunong'ona, ya mkono wa mtu, mimi nayaacha. Ukitaka kisomo kisomwe nyumbani, kisomwe, na safari ya hospitali iwepo palepale.

Sasa vidonge vya dukani. Nimeipanua ile picha ya vikaratasi uliyonituma. Vya diklofenaki vinapoza maumivu tu, kinachokula mfupa havikigusi, na ukivifululiza vinakuletea vidonda vya tumbo na kuchosha figo. Vile vidogo vyeupe ndivyo vinavyonitia wasiwasi. Naona maandishi ya prednisoloni, dawa inayoiga homoni ambayo mwili hujitengenezea wenyewe. Ndiyo maana siku ya tatu tu ulidamka mzima ukashona sare za shule mpaka usiku, hukuota. Dawa za jamii hiyo zilianza kwa maajabu hayohayo: mwaka 1948 huko Mayo Clinic, Marekani, daktari Philip Hench alimdunga kotisoni mama mmoja kijana aliyekuwa hajiwezi kwa ugonjwa huu, na baada ya siku chache akatembea, akatoka kwenda madukani. Mwaka 1950 Hench na wenzake wawili wakapewa Tuzo ya Nobel. Lakini walipoendelea kuwapa watu dozi kubwa, yakaanza mengine: sukari, presha, mifupa kulegea, uso kujaa. Wewe mashavu yameshajaa, na watu wa Ngamiani wanakupongeza kwamba umenawiri! Hujanawiri, somo.

Ila nisikilize vizuri: usiviache ghafla kwa sababu ya barua hii. Mwili unapopewa dawa hiyo kutoka nje kwa majuma, unalegea kutengeneza ya kwake, na ukikatisha siku moja unaweza kuanguka. Vinapunguzwa taratibu, daktari akipanga. Nawe usipandishe dozi, wala usimkubalie yule kijana wa dukani akubadilishie na vingine vyenye nguvu zaidi.

Najua unachokiogopa, maana umekisema mara mbili: kwamba huku tutakuandikia dawa ya saratani. Ni kweli, methotreksati inatumika kwenye saratani. Kwenye viungo dozi yake ni ndogo sana ukilinganisha na ile, na kazi yake ni kuituliza hiyo kinga iliyopotea njia. Kwa wagonjwa wengi ndiyo dawa ya kwanza, na bei yake haiumizi kama zile sindano mpya zinazosikika. Ninachokiogopa mimi ni kingine: inamezwa mara moja kwa juma. Si kila siku. Binadamu amezoea dawa ni kutwa mara tatu, na mtu akiifululiza kila siku inamuumiza vibaya, mdomo unatoka vidonda, damu inapungua mpaka anaweza kufa. Halafu inakwenda pamoja na asidi ya foliki ya kupunguza madhara, na zote mbili mara nyingi ni vidonge vidogo vya manjano. Ukizimimina kwenye kiganja utaona ni mapacha. Kwa hiyo kila mgonjwa mpya namwambia achague siku asiyoweza kuisahau. Waislamu wengi huchagua Ijumaa baada ya swala, wa kanisani Jumapili, na baba mmoja alichagua siku ya mnada. Siku hiyo naiandika kwenye boksi kwa kalamu nene, na dawa hizo hazihamishwi kutoka kwenye boksi zake hata kama boksi limechakaa.

Jambo la mtoto wa tatu umwambie daktari mwanzoni kabisa, kabla hajaandika chochote. Methotreksati na mimba havikai nyumba moja. Inaharibu mimba na inaweza kumlemaza mtoto, na kwa kawaida huachwa miezi mitatu kabla ya kuanza kutafuta. Mkiwa mnataka mtoto hivi karibuni, zipo dawa nyingine, salfasalazini kwa mfano, au haidroksiklorokwini, ndugu wa ile klorokwini iliyokuwa ikituwasha mwili mzima utotoni tukikunwa kwa gunzi. Hiyo inataka macho yapimwe mara kwa mara, lakini kwenye mimba inaruhusiwa. Dawa yoyote kati ya hizi haitakupa maajabu ya siku ya tatu. Hesabu wiki sita hadi kumi na mbili ndipo uanze kuona tofauti, na katikati utapimwa damu na ini. Wengi wanatukimbia hapo, wanarudi kwenye vidonge vyeupe kwa kuwa vinajibu haraka.

Basi fanya hivi. Kesho au keshokutwa nenda hospitali ya Bombo hapo Tanga, uombe kuonana na daktari wa magonjwa ya ndani, umwambie saa unayoamka na saa mkono unapofunguka. Akiona anaweza kukuanzishia hapohapo, vyema, utapumzika na nauli. Akiona haja ya kukuleta huku, akuandikie rufaa, usije mkono mtupu ukarudishwa dirishani, na kadi ya bima usiiache. Ukishuka Mbezi nipigie, utalala kwangu.

Beba dawa zote ulizowahi kumeza, hata pakiti tupu, na karatasi ya kile kipimo. Na kila asubuhi ukiamka, kabla ya chai, binti akupige picha ya mikono ukijaribu kukunja ngumi. Kliniki utaonwa saa sita au saba, uvimbe umeshashuka, vidole vinakunjika vizuri, na daktari mwenye foleni ndefu anaweza kukuona mzima. Picha zitakutetea.

Sare za shule wagawie mafundi wenzako kwa muhula huu. Najua hutaki kusikia, lakini shemeji nimeshamtumia ujumbe na amekubali.

Machungwa ya Muheza usinibebee, mzigo huo mikono yako haiuwezi. Mpe kondakta.

Nijibu ukishatoka Bombo.

Ni mimi,
somo yako