Anti, mdogo wangu ananiletea kitoweo kama mgonjwa

Anti shikamoo. Saa tisa usiku hii sijalala, mashine za boti nazisikia zinatoka na kila moja naijua ni ya nani. Nakuandikia wewe kwa sababu nikiongea na mtu wa huku kesho asubuhi habari iko pwani, na mi nimeshachoka kuongelewa.

Mi mvuvi wa mshipi Anti, sio wa nyavu, nguru na kolekole ndo kazi yangu hapa Kunduchi tangu sijaota ndevu. Sasa nikaumwa kifua, nikadhani ni baridi la usiku kule nje ya Mbudya, nikanywa tangawizi, nikanywa madawa ya duka la dawa, kikohozi hakikati, usiku jasho mpaka shuka linalowa, nikakonda suruali nafunga na kamba. Kupima makohozi ni TB. Dawa nimezimeza miezi yote 6, ile miwili ya mwanzo zile dawa nne kwa pamoja zinazotoa mkojo mwekundu, halafu minne ya dawa mbili, sijaruka, mama watoto alikuwa anasimama mbele yangu mpaka nimeze. Nikapimwa tena, makohozi safi. Kwenye kadi imeandikwa nimepona, anayebisha aje asome.

Boti ni yetu mimi na mdogo wangu. Mzee alipofariki mdogo wangu alikuwa bado anasoma, nimemlea mimi, kufunga ndoana nimemfundisha mimi, kuujua mwamba kwa kuangalia alama za nchi kavu nimemwonyesha mimi. Nilipolala kitandani akashika usukani na mi nikasema sawa, boti haiwezi kukaa mchangani. Lakini sasa kusi limekatika, bahari imetulia, nikamfuata nikamwambia nipo tayari narudi kazini. Akanijibu mbele ya vijana wote, wanapakia barafu, akasema "Kaka we pumzika tu, kitoweo tutakuletea."

Kitoweo Anti. Mimi. Na kweli analeta, anamtuma kijana na vibua kwenye ndoo, mi niliyekuwa nagawa samaki mtaa mzima. Mke wangu anapokea anasema ahsante, mi naingia ndani.

Usidhani ni pesa. Mafuta, barafu na chambo vikishatolewa, boti ina fungu lake na mashine ina fungu lake, wavuvi wanagawana kinachobaki, na nusu ya fungu la boti ananipa, simsingizii. Ingawa siku hizi naona linapungua na nikiuliza anasema samaki hamna. Ila sio pesa, hata asingenipa ningenyamaza, ni lile neno. Angeniambia tukiwa wawili ningemwelewa.

Halafu kuna hili la kikombe. Pale kwenye kahawa kuna kikombe wanachonipa kimetengwa, wanadhani sioni. Nimewaambia hospitali walisema mtu akishaendelea vizuri na dawa hata miezi haijaisha haambukizi tena, wanaitikia ndio ndio, kesho yake kikombe ni kilekile. Sasa najiuliza na mdogo wangu ni hicho anachoogopa au? Kwenye boti tunalala bega kwa bega, maji tunachota dumu moja.

Daktari alisema picha inaonyesha kovu kwenye pafu la kulia, kazi nzito nianze pole pole. Sawa, lakini yeye anajua mapafu, bahari haijui. Ni kweli juzi nilimsaidia jamaa kuvuta nanga nikakaa chini mchangani muda, ila jua lilikuwa kali na nilikuwa sijala kitu toka asubuhi. Mtu yeyote angekaa chini.

Kilichoninyima usingizi ni cha jana jioni. Yule kijana anayeleta ndoo ameropoka kwamba shemeji ndo alienda kumwomba mdogo wangu asinichukue, alilia kabisa. Mke wangu Anti, huyu huyu aliyenisimamia dawa. Nimemwangalia usiku kucha nashindwa nimwamshe nimuulize au nimwache. Siwezi kusema hanipendi, aliniogesha nilipokuwa siwezi kunyanyuka. Lakini kwa nini aende kwa mdogo wangu asije kwangu, sasa yule ananiona mimi ni mtoto naombewa ruhusa, na ndo maana akapata mdomo wa kuniambia kitoweo mbele za watu.

Kuna nahodha mwingine ameniambia nafasi ipo kwake, wanatoka Ijumaa baada ya swala, wanalala huko huko nje. Nimeshaandaa mishipi nimeificha kwa jirani. Mke wangu hajui. Nataka niende nirudi na nguru wangu nimpelekee mdogo wangu mlangoni, nimwambie chukua kitoweo. Sitaki ugomvi naye, nataka arudi kuniita kaka kama zamani. Ila Anti, ikitokea nimeishiwa pumzi kule nje usiku, wale sio ndugu zangu, hawataniacha najua, lakini sio ndugu zangu. Kwa mdogo wangu ningejua nipo salama.

Sasa niende na hawa bila kumwambia mama watoto, au nirudi tena kwa mdogo wangu nikamwombe, mimi kaka yake, nafasi kwenye boti yangu mwenyewe? Nahodha anataka jibu Alhamisi. Jina langu usilitoe.