Jicho la Kombo

Wete, Pemba

Shoga yangu Raya,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, mama anakusalimu. Karafuu zishaanza kuchumwa, nafasi ya kukaa hamna. Nakuandikia mbio mbio kwa sababu ya kaka Kombo.

Lile jicho lake, si uliliona harusini kwa Mize lilivyotokeza? Basi limezidi, na akitazama pembeni huona vitu viwili viwili. Haliumi, ndiyo maana kalipuuza. Na watu wetu unawajua: huyu kasema kijicho, huyu shetani, Bi Fatma keshamwandikia kombe. Nikamkokota hadi Dar akapigwa MRI, ile picha ya ndani ya mwili. Ni uvimbe wa neva, yaani mshipa wa fahamu, ndani ya tundu la jicho, huitwa shwanoma. Si saratani, Raya, alhamdulillahi.

Huota kwenye seli zinazoivika neva ala yake, mfano wa ile plastiki ya waya wa umeme, ukakua pole pole miaka na miaka huku unalisukuma jicho nje. Katika vivimbe 100 vya tundu la jicho, wa namna hii labda 1 au 2. Kombo huyo hata kwenye upatu jina lake hutoka mwisho, lakini hili kalipata!

Tiba yake ni kupasuliwa, naye hataki. Shaame kamtia maneno kuwa watamng'oa jicho. (Shaame huyo huyo, na lile shamba... basi, tutaonana.) Daktari kasema uvimbe huo una ganda lake, mara nyingi hutolewa wenyewe jicho likabaki, na ukitoka wote ni nadra kurudi. Huenda kipaji cha uso kikafa ganzi, maana aghlabu hushika neva za kuhisi. Hatari nyengine pia hakuzificha, ni nyuma ya jicho pale. Lakini ukiachwa ukaibana neva ya kuonea, je?

Nishalia, nishagomba, mama kanuna. Ananijibu "haliniumi". Si kuuma, Kombo, ni kuona! Wewe anakusikiliza tangu skuli, mie ananiona mtoto.

Utampigia lini? Usiku baada ya Isha hupokea. Utamwambia nini, usimtishe lakini? Mjomba wako bado yuko Temeke, na anaweza kutupokea tukivuka? Na wewe mguu vipi, bado unavimba?

Wako,
Saada