Wito wa mchango: Barua za Rhodes zisituozee Lubumbashi

Wazee wetu, wamama, ndugu wa hapa na wa ng'ambo, amani kwenu.

Tunaandika kwa haya, maana si mara ya kwanza kuwabishia hodi. Makaburi ya bakambo wetu, mababu Wayahudi waliotoka Rhodes, kisiwa cha Ugiriki, yalifyekwa hapa mjini na kuzungushiwa ua kwa makuta yenu, yaani fedha zenu. Hatujasahau. Safari hii tunaomba nauli ya kuzipeleka Rhodes barua walizoandikiwa, zikasomwe. Lakini mvua za mwaka huu zimetoboa paa la stoo yetu mtaani Kamalondo, na maji yamemwagikia masanduku ya barua usiku kucha. Wino umechuruzika. Barua zenyewe ni za Kiladino, Kihispania cha Wayahudi, kwa mwandiko wa kale wa solitreo, na kati yetu hakuna anayeujua tena. Tumezianika kwenye kamba kama nguo, huku hata majina ya walioandika hatuwezi kuyasoma.

Walikuwa mama na dada za bakambo, waliobaki kisiwani Rhodes wanaume walipokuja Katanga kutafuta maisha kwa vitambaa na samaki. Nissim Soriano, baba yake Moïse Katumbi mnayemjua kwa klabu ya mpira ya Mazembe, alitoka huko huko. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia hakuna barua iliyokuja. Tarehe 23 Julai 1944 Wajerumani waliwapakia Wayahudi wa Rhodes, zaidi ya 1,600, kwenye vyombo vya mizigo hadi bandari ya Piraeus, kisha treni hadi kambi ya mauaji ya Auschwitz. Walifika 16 Agosti. Waliopona hawakuzidi sana 150.

Kila Julai marehemu hao huombewa kule Rhodes katika sinagogi la Kahal Shalom, lililojengwa mwaka 1577. Mwaka huu tunataka wazee watatu na vijana wanne wawepo, na barua wazibebe, kwa kuwa kule wapo wanaoweza kuzisoma. Mmoja wa wazee ni mama wa miaka 81. Baba yake hakumwandikisha kwa jina la ukoo wake. Alimwachia picha ya shangazi tu.

Wapo wanaosema: mama zetu walikuwa Waluba na Wabemba, tumebatizwa, Uyahudi unatuhusu nini? Kubatizwa tumebatizwa, hata katibu anayeandika haya huimba kwaya kila Dominika. Ila waliochomwa kule ni bibi zetu vilevile. Na kreti za bia za harusi tunachangia bila kuombwa mara mbili.

Tiketi kupitia Addis Ababa na Athens, viza na malazi ni dola 11,200. Mkononi tuna 4,350. Paa tutaliziba wenyewe. Kila mchango una risiti, hata wa franga 5,000, na hesabu itasomwa mbele ya wote safari ikiisha. Mwisho ni 30 Aprili, maana viza haisubiri.

Ninyi wa Brussels na Cape Town, orodha tunayo na nafasi zenu bado ni tupu. Mwenye picha au hati yoyote ya familia ailete mapema, tuitoe nakala na kuwapa wasafiri. Mungu wa Ibrahimu awazidishie.