Salamu za Shukrani: Familia ya Mzee "Afande" wa Kibaigwa

Bwana Yesu asifiwe. Mbukwenyi ndugu, jamaa na majirani.

Sisi watoto, wakwe, wajukuu na vitukuu wa mzee wetu, ambaye wengi sokoni Kibaigwa mlimwita Afande mpaka mkasahau jina alilobatizwa nalo, tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa uhai mrefu aliomjalia. Tunawashukuru na ninyi mliotushika mkono tangu alipolazwa hadi tulipoanua matanga. Zaburi ya 90 inasema siku za miaka yetu ni miaka sabini, na ikiwa tuna nguvu, miaka themanini. Baba aliipita themanini, na bado alikuwa akifika ghalani kabla ya makuli.

Mmetuuliza kwa nini wasifu uliosomwa kaburini ulikuwa mfupi. Wingu lilikuwa limeshatanda na mchungaji alituomba tufupishe, basi mturuhusu tuongeze kidogo hapa. Baba alikulia Kongwa, mtoto wa kuchunga mbuzi, akiyaona matrekta ya Waingereza yakifyeka pori kwa ule mpango wao wa karanga. Wapigania uhuru wa nchi za kusini walipopewa kambi Kongwa mwaka 1964, yeye alikuwa kijana wa kuwauzia maziwa. Hiyo ndiyo biashara yake ya kwanza, na nadhani ndiko alikoipatia hamu ya kuvaa magwanda. Akaingia JWTZ, akafundishwa udereva.

Vita ya Kagera ilipoanza mwaka 1978 alipelekwa mstari wa mbele na lori. Vijana wengi mlizoea kumtania kwamba aliiteka Kampala. Mwenyewe alikuwa akijibu kwamba hakuiteka, aliipelekea maharage. Siku Kampala inaanguka, tarehe 11 Aprili 1979, yeye alikuwa nyuma, Masaka, chini ya gari, akifunga springi kwa waya. Mambo mengine ya huko hakuyasimulia kabisa, nasi tulijifunza kutomuuliza. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, alivaa koti lake na medali, akakaa kimya mpaka jioni.

Aliporudi uraiani alinunua Bedford kuukuu lililokuwa limetelekezwa, akalifufua. Miaka ile nafaka ilikuwa mali ya Shirika la Usagishaji la Taifa, na mtu binafsi mwenye lori alitazamwa kwa jicho la wasiwasi, kwa hiyo alibeba kuni, chumvi na mizigo ya minada. Mahindi na alizeti vilikuja baadaye, biashara ilipofunguliwa. Mengine mnayajua wenyewe, maana wengi wenu mliuza au mlinunua kwake.

Sasa tuseme lililotuelemea. Usiku mmoja pale Dodoma mjini daktari alitwambia Baba anahitaji damu haraka, na kundi lake ni O hasi, ambalo kwetu huku ni adimu. Sisi watoto tulipimwa mmoja mmoja na hakuna aliyefanana naye. Mama alikaa kwenye benchi la korido, kitenge kichwani, hasemi. Tulipiga simu Kibaigwa kwa kijana wa ghalani, si kuomba damu, tulitaka tu asifungue kesho yake. Yeye akaenda kuwaamsha wenzake. Alfajiri Fuso likasimama nje ya geti la hospitali limejaa makuli, na nyuma yake bodaboda wa stendi, wengine na vumbi la mahindi bado nyusini. Wengi wao walikuwa hawajawahi kupimwa kundi la damu maishani. Walipanga foleni, na katika foleni ile wakapatikana wenye damu ya Baba. Mungu anatuma malaika wake kwa namna anayotaka. Kwa damu hiyo Baba alipata siku za kukaa kitandani ameegemea mto, akadai ugali wa uwele na mlenda, akaagana na kila mmoja wetu kwa jina. Enyi vijana, hatuna cha kuwalipa.

La pili ni korongo. Tulipotoka mjini na mwili kwenda kijijini kwa maziko, mvua ilikuwa imenyesha milima ya Kiboriani, na korongo la mwisho kabla ya kijiji lilikuwa limejaa, maji mekundu yanabeba magogo. Msafara mzima ukasimama. Kulikuwa na watu wenye haraka waliosema tujaribu. Wazee wastaafu wa jeshi waliokuja kumsindikiza mwenzao walikataa. Mmoja wao, aliyeendesha naye malori ya jeshi, alichomeka fimbo mchangani ukingoni mwa maji, akakaa juu ya jiwe na kuitazama. Akasema pale Kyaka, wakati wa vita ya Kagera, walikuta daraja limelipuliwa na wakangoja, itakuwa hapa? Ng'ambo akina mama wa kijiji walikuwa wamekwisha pika, wakaanza kuimba mapambio, na huku kwaya ikawa inawaitikia. Jua lilipokuwa linazama ile fimbo ikabaki kwenye mchanga mtupu, na ndugu yetu mmoja wa kijiji jirani akaja na trekta kutuvusha, gari moja moja, mpaka usiku. Tulipompa hela ya dizeli alikasirika kweli kweli. Ndugu, tunaomba radhi kwa kukupa, na tunakushukuru.

Tunawashukuru pia madaktari na wauguzi wote, hasa yule muuguzi wa zamu ya usiku aliyemwita Baba "babu yangu" na akaja matangani siku yake ya mapumziko. Wachungaji na wainjilisti wa Kanisa Anglikana, kwaya, Umoja wa Akina Mama. Sheikh na waumini wa msikiti wa jirani, ambao vijana wao walichimba kaburi kwenye udongo ule mgumu kabla hatujafika. Uongozi wa soko, wafanyabiashara wa nafaka, madalali, mama lishe, makuli, bodaboda. Wenyeviti wa vijiji na vitongoji, balozi wetu, kamati ya mazishi, vikoba vya akina mama. Waliotoa turubai, viti, masufuria, kuni, ng'ombe na mbuzi. Ndugu wa Mpwapwa, Gairo, Morogoro, Singida na Dar es Salaam. Wote mliotuma rambirambi kwa simu. Na watani, mliovaa koti la marehemu, mkalala mlangoni kudai faini mpaka Mama akacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba: ahsanteni, ingawa kofia bado hamjairudisha.

Hatuwezi kuwataja wote, na hili linatusumbua kuliko mnavyodhani. Daftari la rambirambi lililowa siku ya korongo, na kurasa kadhaa hazisomeki. Kama ulitoa na hukupigiwa simu, si kwamba tumekudharau. Tunaomba sana utusamehe. Mtusamehe pia mliolala kwenye magari, mliokosa chakula siku ya kwanza, na mliofika jina lenu lisitangazwe.

Ibada ya shukrani itafanyika nyumbani Kibaigwa siku ya arobaini, na tangazo litasomwa makanisani na sokoni. Siku hiyo hiyo tutashughulikia madeni. Anayemdai Baba aje na ushahidi wake, aonane na kaka yetu mkubwa. Kwa wale Baba aliokuwa akiwadai: baadhi yenu mlikuja matangani kulipa bila kuulizwa, na tumepokea. Waliobaki, kwa agizo lake mwenyewe alilolitoa kitandani mbele ya Mama, deni la mwaka wa ukame limefutwa. La miaka mingine alisema mlipe.