Breki za kushuka Kitonga

Baba Neema,

Habari za Iringa na baridi yenu? Huku Dar sote wazima. Shemeji msalimie sana, mwambie karanga zilifika na zimeshaisha.

Ujumbe wako nimeupata, pamoja na picha za zile kalipa (vibanio vinavyobana pedi kwenye diski) za Brembo za rangi ya dhahabu unazotaka nikuulizie bei Ilala. Nitaulizia ukitaka. Ila kabla hujatoa hela hiyo naomba unisikilize, maana Subaru Forester hiyo inabeba familia yako kila mnapokuja huku, na kwa maelezo uliyonipa kalipa zako za sasa hazina kosa.

Umesema mkianza kushuka mlima Kitonga breki zinashika vizuri. Katikati ya mlima pedali inakuwa laini na kuzama, unaanza kusikia harufu, na mkipumzika Ruaha Mbuyuni zinarudi kama kawaida. Hilo ni joto. Kuna namna mbili, na mguu wako ndio unaokwambia ni ipi. Pedali ikibaki ngumu lakini gari halipungui, pedi ndizo zimezidiwa. Pedali ikizama, oili ya breki imechemka: imegeuka mvuke ndani ya bomba, na mvuke unabonyea wakati oili haibonyei. Yako inazama.

Watu wengi hatuujui ukubwa wa joto hilo. Kila mita 100 za kimo unazoshuka (si urefu wa barabara), ukiziachia breki kazi yote, zinameza nguvu inayozidi kidogo kusimamisha gari hilohilo mara mbili na nusu kutoka spidi ya 100. Uzito wa gari haubadilishi hesabu hiyo. Sasa fikiria mlima wote ule, tena nyuma ya lori linalotambaa, na mguu haubanduki kwenye pedali. Diski hazipati hata nafasi ya kupoa.

Kwa hiyo anza na oili. Oili ya breki hunyonya unyevu wa hewa taratibu, hata gari likiwa limeegeshwa, na maji yakishaingia inachemka mapema. Oili ya daraja la DOT 3 ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205, lakini ikishanyonya maji kiwango chake kinashuka hadi 140. DOT 4 ni 230 ikiwa mpya na 155 ikiwa imechoka. DOT 5.1 ni 260 na 180. Wewe weka DOT 4 nzuri au 5.1, chupa iliyofungwa na lakiri yake, na uibadilishe kila baada ya miaka miwili. DOT 5 bila nukta moja usiiguse, hiyo ni ya silikoni na haichanganyiki na hizi nyingine. Na fundi akitaka kujazia oili ya stelingi kwa sababu ndiyo iliyopo karibu, mkatalie kabisa. Itavimbisha raba zote za ndani, na utabadilisha kuanzia masta silinda hadi kalipa.

Wakati wa kubadilisha oili na kutoa upepo kwenye breki simama pale pale uangalie. Fundi achomeke mpira mweupe kwenye nati ya kalipa, mpira uingie kwenye chupa, mtu mwingine akanyage pedali. Itaanza kutoka oili nyeusi yenye vipovu, kisha ya kahawia. Asifunge mpaka itoke safi kama ile iliyo kwenye chupa mpya, na afanye hivyo tairi zote nne. Mafundi wengi hutoa ya mbele tu wakasema kazi imekwisha.

Papo hapo shika mipira ya breki ile inayokwenda kwenye kalipa, huku mwenzio anakanyaga kwa nguvu. Ukiihisi inavimba mkononi, au ukaona nyufa, ibadilishe. Iko mipira iliyosukwa kwa waya wa chuma, haivimbi na mguu unasikia tofauti siku ileile.

Pedi nunua kwa mtu unayemwamini, maana feki ni nyingi na boksi halikwambii kitu. Pedi zikishafungwa zinahitaji kuzoeshwa: tafuta barabara tupu, kimbia 60, punguza hadi 10 bila kusimama kabisa, rudia mara kama kumi, kisha endesha taratibu bila kugusa breki zipoe. Ukisimama kwa kukandamiza pedali zikiwa za moto sana, pedi inaacha alama kwenye diski na usukani utaanza kutetemeka. Diski nazo zipimwe. Unene wa mwisho unaoruhusiwa huwa umeandikwa kwenye diski yenyewe. Fundi akisema atazikereza, muulize zitabaki milimita ngapi, kwa sababu diski nyembamba inapata joto haraka zaidi.

Tairi ndizo zinazonipa wasiwasi zaidi. Ulinunua za mtumba, sivyo? Soma tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT ubavuni (si ile DOT ya oili): 2315 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2015. Kinachosimamisha gari mwishowe ni tairi kushika lami. Kwenye lami kavu ukikanyaga hadi ABS, yaani mfumo unaozuia tairi kujifunga, ianze kugongagonga mguuni, breki ulizonazo tayari zina nguvu kuliko tairi, na hapo kalipa ya aina yoyote haikupunguzii umbali wa kusimama.

Sisemi Brembo ni mbaya. Diski kubwa inabeba joto zaidi, hilo ni kweli kabisa. Lakini zile za Impreza WRX STI zinatumia diski ya milimita 326 mbele, rimu zako za inchi 16 haziingii, utanunua za 17 na tairi zake, na nyuma kuna kazi ya handibreki juu yake. Ukiona bado unataka zaidi baada ya haya yote, tafuta kalipa za WRX zenye pistoni nne, diski ya 294. Kwangu mimi hizo zinakutosha, na bei yake haifanani na ya Brembo.

Na safari ijayo, kabla mteremko haujaanza, toa gia kwenye D uweke 2. Injini italia, iache ilie. Kanyaga breki kwa nguvu kidogo upunguze, kisha achia zipoe, usiishikilie muda wote. Wa nyuma akipiga honi atajua mwenyewe.

Nipigie picha ya ukingo wa diski za mbele na ubavu wa tairi zote nne, nitumie kabla ya Jumamosi. Nitashuka Ilala siku hiyo, oili na mipira nitakununulia nimpe dereva wa basi akuletee.

Wako,
Baba Salma