Mto Mirongo upimwe, si kuzolewa mchanga tu

Mhariri,

Mvua kubwa ikinyesha Mwanza, Mto Mirongo hushuka ziwani ukiwa na rangi ya chai ya maziwa. Ikikatika, huja watu na makoleo, wanazoa mchanga na kuurundika ukingoni. Mvua inayofuata inaurudisha mtoni. Nimeliona hili si mara moja.

Juzi nilichota maji hayo kwenye chupa ya lita moja, nikaiweka dirishani. Mchanga ulituama kabla sijamaliza kunawa mikono. Tope laini lilichukua saa kadhaa. Asubuhi maji yalikuwa bado na ukungu: huo ni udongo wa mfinyanzi, wenye chembe ndogo mno, nao ndio unaosafiri mbali ziwani ukibeba fosforasi inayonenepesha magugu maji. Koleo haliukamati.

Mto ukifika ziwani hupunguza mwendo na kutua mzigo, kizito kwanza, chepesi baadaye. Basi anayezoa mchanga anashughulika na nusu ya habari, tena ile rahisi.

Naomba darajani ichorwe mistari ya kupimia kina, na kila mvua ichotwe chupa kama yangu, mashapo yakaushwe na kuwekwa kwenye mizani. Wanafunzi wa sekondari wanaiweza kazi hiyo. Tukishajua mzigo unatoka kilima kipi, tutajua pa kupanda majani. Mto Simiyu, unaoingia Ghuba ya Speke, nao usisahauliwe. Ule ni mkubwa zaidi.

Mkazi wa Mabatini,
Mwanza