Risala ya wazazi na majirani wa shule kwa mgeni rasmi, Siku ya Wazazi, Tabata, Dar es Salaam

Mheshimiwa mgeni rasmi diwani wetu, mwalimu mkuu, mwenyekiti wa serikali ya mtaa, walimu, wazazi wenzangu, na nyie watoto mliobanana hapo chini mbele, wakubwa shikamooni wadogo hamjambo. Risala hii alikuwa aisome katibu ila kapata udhuru, nikasukumiwa mimi eti nina sauti, sasa nikikohoa katikati mnivumilie, kukohoa kwenyewe ndo mada ya leo.

Mheshimiwa mgeni rasmi, sisi wa Tabata na moshi tunajuana siku nyingi. Wazee waliopo hapa wanakumbuka dampo la jiji lilikuwa huku huku, taka zinachomwa usiku na mchana, moshi ndani, nzi ndani, mpaka wakazi wakachoka wakaenda Mahakama Kuu mwaka 1988, ile kesi ya Joseph Kessy na wenzake dhidi ya Halmashauri ya Jiji, na wakashinda. Jiji likarudi tena kuomba liongezewe muda wa kumwaga, ndo Jaji Lugakingira akashangaa akasema hajapata kusikia popote pale mamlaka ya umma ikaenda mahakamani kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu. Dampo likapelekwa Kunduchi Mtongani, na wa kule nao hawakukubali, 1991 wakaenda mahakamani. Hii stori huku kwetu tunaisimulia kifua mbele.

Ila kuna kipande hatukisimulii. Dampo kubwa liliondoka, saa hizi kila nyumba ina kadampo kake. Gari la taka likikata wiki mbili, na linakata sana tu, mtu anafagia uani anakusanya majani, pampasi, chupa za soda, waya, kandambili zilizokatika, jioni anatia kiberiti. Na wanaotia kiberiti ndo sisi tuliokaa hapa chini ya turubai. Mimi mwenyewe nilikuwa nachoma kila Jumamosi mpaka usiku mmoja mtoto wangu wa pili akabanwa kifua, tukakimbia naye zahanati, mganga akaniuliza nyumbani mnapikia nini na taka mnapeleka wapi, nikabaki naangalia ukuta. Wazee wetu walikuwa na wa kumshtaki. Sisi tumshtaki nani, jirani? Na jirani akinishtaki mimi je?

Mgeni rasmi, tulielezwa kwamba kwenye moshi kibaya zaidi ni zile chembe ndogo kabisa ambazo huzioni, upana wake maikromita 2.5 kushuka chini, unywele wa kichwani ni mpana mara kama 30 hivi, ndo maana haziishii puani, zinashuka mpaka ndani ya mapafu na nyingine zinaingia kwenye damu. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilishusha kiwango cha chembe hizo linachosema kisizidi hewani, kwa wastani wa mwaka mzima, kutoka maikrogramu 10 kwa mita ya ujazo hadi 5. Na mtoto anapumua harakaharaka kuliko mtu mzima, mapafu bado yanakua, halafu kimo chake ndo kimo cha bomba la moshi la gari. Hilo la bomba mtu akitaka kulihakikisha asimame getini saa 12 na nusu asubuhi.

Basi ndo tukakaa pamoja, tulianza watu 11 tu, na wawili kati yao walifuata chai. Tukaongea na vijana wa guta wapite kwenye mtaa unaozunguka shule mara 2 kwa wiki, kila nyumba inatoa hela kidogo, chupa na makopo wanauza kwa kilo, majani yanakuja kuoza kwenye bustani ya shule, yale mnayoyaona pale nyuma ya choo. Mama lishe wa getini wawili wamehamia gesi, mmoja amegoma anasema maharage ya gesi hayana ladha, tunaendelea naye taratibu. Madereva wa skulibasi na bajaji tumewaomba wazime injini wakisubiri watoto, wa bajaji walielewa haraka maana mafuta ni hela yao, wa basi mmoja alituambia akizima haliwaki tena. Tukalisukuma siku 3 mfululizo, siku ya 4 akapeleka kwa fundi.

Kilichotushinda ni jiko la shule, mheshimiwa. Uji na makande ya watoto wote hawa yanapikwa kwa kuni, na darasa la kwanza dirisha lake linaangalia jikoni, upepo ukigeuka mwalimu anafunga dirisha, joto la Dar mnalijua, wanachagua kati ya kuungua na kukohoa. Serikali ilishaelekeza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa ifikapo Januari 2024, na ule Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe kwenye nishati safi ikifika 2034. Sisi wazazi gesi ya kila mwezi tumeshakubaliana tutachanga, na daftari la majina lipo kwa mwalimu mkuu. Kufunga majiko makubwa na mabomba yake ndo hatuna uwezo, hapo tunaomba mkono wako kwenye bajeti ya halmashauri. Na ratiba ya gari la taka tunaomba ibandikwe ofisi ya mtaa, na siku lisipokuja tujue tunampigia nani, maana kiberiti kinaanzia hapo.

Soda yako ipo kwenye barafu, mheshimiwa, ila kabla ya soda tunakuomba uingie jikoni dakika 5 usimame na mpishi wetu. Leo kuni ni mbichi.

Naomba kuwasilisha.